Maswali yenu: springi za kushusha gari na shokapu zinazozifaa

Maswali ya awamu hii karibu yote ni ya Subaru Impreza na Mazda MX-5. Waliouliza bei sitawajibu, wala waliotuma picha ya rimu wakidhani inatosha kueleza hali ya gari.

Fundi, springi gani nzuri ya Subaru? (Eldoret)

Subaru ipi? Nimeomba mara nyingi: tuma namba ya chesesi, mwaka, saizi ya tairi na kimo cha sasa. GDA, GDB (sedani) na GGA (wagoni) zote mnaziita Impreza, lakini uzito wa nyuma ya sedani na wa wagoni haulingani, na springi zake hazilingani. Kimo pima kutoka katikati ya habu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi. Ukipima kutoka chini, upepo wa tairi unakudanganya.

Shikamoo fundi. Nina Impreza WRX ya 2004, GDA, shokapu ni zilezile zilizokuja nayo kutoka Japani. Nimepata springi za kushusha milimita 40. Muuzaji anasema shokapu hazihitaji kuguswa. Ni kweli? (Nairobi)

Marahaba. Springi zitaingia, na kwa siku chache utalipenda gari. Shida iko kwenye milimita ambazo hakukuhesabia.

Rodi ya shokapu, kile chuma kinachoingia na kutoka, ina sehemu mbili za kazi: kubonyea gari linapopanda tuta, na kurefuka tairi linaposhuka shimoni. Kwa kuwa GDA ina struti (shokapu iliyovaa springi na inayoshika pia gurudumu) pembe zote nne, ukishusha gari milimita 40 umekula karibu milimita 40 za kubonyea. Tuseme ulikuwa na 60 kabla ya rodi kugota kwenye raba ya stopa, ile inayoizuia isigonge mwisho. Sasa zimebaki 20, na tuta moja la barabarani linazimaliza. Raba ikishabanwa, ugumu wake unapanda ghafla kupita springi yoyote uliyonunua. Hilo likitokea katikati ya kona, tairi la upande wa nje linapoteza mshiko ghafla: mbele ikigota gari linakataa kukata, nyuma ikigota mkia unatoka. Dereva atalaumu tairi.

La pili ni nguvu ya kurudi. Springi iliyobonyezwa hurudi kwa nguvu, na kazi ya shokapu ni kuizuia isirushe bodi. Hitaji hilo hupanda kwa kipeuo cha pili cha ugumu: springi ikiwa ngumu zaidi kwa asilimia 30, shokapu inahitaji kuzuia zaidi kwa takriban asilimia 14. Shokapu mpya ya kiwandani ingejikokota. Yako ina zaidi ya miaka 20, oili imechoka na valvu zimelegea, kwa hiyo hata springi ya zamani ilikuwa inaishinda.

La tatu watu wengi hawalijui. Kwenye struti, ukishusha gari, wishiboni ya chini (mkono unaounganisha gurudumu na bodi) huinuka upande wa tairi. Kitovu ambacho bodi hulalia kwenye kona hushuka haraka kuliko bodi yenyewe. Maana yake ni kwamba gari lililoshushwa sana linataka kulala zaidi, na sehemu ya ugumu wa springi mpya inakwisha kurekebisha hasara uliyojitengenezea. Ndiyo sababu kwa gari kama lako, kwenye barabara zetu, sipendekezi kupita milimita 25.

Fanya hivi. Inua kifuniko cha vumbi, funga kamba ya plastiki ya nyaya kwenye rodi, isukume hadi chini, kisha endesha njia yako ya kila siku. Itakapobaki ndipo rodi ilipofika. Ikiwa imegusa raba tayari kwenye springi za kiwandani, huna milimita za kugawa. (Kwa shokapu zilizopinduliwa, kama za Impreza STI nyingi, mbinu hii haifai kwa sababu rodi imejificha.) Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua shokapu mpya na ubaki na springi ulizonazo. Gari litabadilika zaidi ya unavyodhani.

Fundi wangu anasema akate mzunguko mmoja wa springi kwa grinda, ni bure. (Dar es Salaam)

Chukua springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, urefu wake huru milimita 350, ugumu kilo 3 kwa milimita (kila kilo 3 huibonyeza milimita moja), imebeba kilo 300. Imebonyea milimita 100, inakaa kwenye 250. Kata mzunguko mmoja wenye nafasi ya milimita 50. Ugumu unapanda kwa asilimia 20, unakuwa 3.6, na inabonyea milimita 83 tu. Urefu huru sasa ni 300, inakaa kwenye 217. Gari limeshuka 33.

Mpaka hapo fundi anaonekana ameshinda. Sasa piga jeki. Kama shokapu ikirefuka mpaka mwisho inaacha nafasi ya milimita 320 kati ya vikalio, springi ya 300 inaelea, milimita 20 haishiki kitu. Tairi likining'inia kwenye shimo kubwa, springi inazunguka au inachomoka kwenye kikalio chake, kisha inarudi kupigwa ikiwa imekaa upande. Kama mwisho wake ulikuwa umekunjwa kwa ndani ili ukae kwenye kikombe, ukiukata haukai tena kabisa. Na grinda ikiunguza chuma mpaka kigeuke bluu, ugumu wa kiwandani umekufa mahali hapo, ndipo itakapovunjikia.

Wale wanaopasha springi moto wa gesi ili ilale, sina la kuwashauri zaidi ya kuacha. Hakuna anayejua springi hiyo italala kiasi gani wala upande upi zaidi.

Naweza kubadilisha za mbele tu? (Mombasa)

Hapana. Springi na shokapu hubadilishwa kwa jozi kwenye ekseli, na springi za kushusha hununuliwa seti nzima ya nne kwa sababu mtengenezaji amezipanga mbele na nyuma zifanye kazi pamoja.

Shokapu za Bilstein, B6 au B8? Nina springi za kushusha za Eibach Pro-Kit. (Kampala)

B8. B6 imetengenezwa kwa kimo cha kiwandani, B8 imefupishwa kwa ajili ya springi za kushusha. Zote ni za bomba moja lenye gesi ya shinikizo kubwa, na gesi hiyo hulisukuma gari juu kidogo, kwa hiyo usishangae ukipata milimita chache pungufu ya ulizoahidiwa. Soma pia karatasi ya springi: baadhi ya magari yanahitaji raba ya stopa ikatwe kipande, na urefu wa kukata umeandikwa. Usikadirie kwa macho, na usiitoe kabisa. Bila raba, chuma hugonga chuma na shokapu huharibika.

Shokapu zangu za njano za Koni zina kitufe cha kurekebisha. Nimezikaza mpaka mwisho lakini gari linazidi kuruka. (Arusha)

Umeziharibia kazi. Kitufe hicho hurekebisha jinsi shokapu inavyozuia kurudi tu. Ukikikaza kupita springi ilivyo, tairi linapita matuta mfululizo bila shokapu kupata muda wa kurefuka. Kila tuta gari linashuka zaidi mpaka linakaa juu ya raba. Rudisha kwenye laini kabisa, kisha kaza robo mzunguko, pande zote mbili za ekseli sawa, jaribu barabara ileile. Simama pale bodi inapotulia baada ya tuta moja bila kuyumba mara ya pili.

MX-5 ya 1996. Koilova (seti ya springi na shokapu yenye kimo cha kurekebishwa) za bei rahisi au springi na shokapu? (Nakuru)

Springi na shokapu nzuri. NA, kizazi cha kwanza cha MX-5 kama yako, ina wishiboni mbili kila pembe, na springi yake imekaa karibu na bodi kuliko gurudumu, kwa hiyo gurudumu hutembea zaidi ya springi. Ugumu unaofika kwenye tairi ni ugumu wa springi mara uwiano wa mwendo wa springi kwa wa gurudumu, mara uwiano huohuo tena: uwiano ukiwa 0.7, springi ya kilo 6 inafika kwenye tairi kama 2.9. Ndiyo maana namba ya springi ya MX-5 haiwezi kulinganishwa na ya Impreza, na wanaoniandikia "rafiki yangu anatumia kilo 8" waniambie kwanza gari la rafiki ni lipi. Koilova rahisi hukupa uwezo wa kushusha bila kikomo, kisha hukupa shokapu isiyolingana na springi iliyokuja nayo.

Nimefunga kila kitu kipya. Mbele inagonga tok tok, na tairi zinalika ndani. (Mwanza)

Hayo ni makosa mawili. Mlio kwanza uutafute kwenye mauntingi za juu (pale struti inapofungwa kwenye bodi) na beringi zake. Fundi wengi hurudisha za zamani zilizochoka. Kisha angalia nati ya juu ya rodi. Haikazwi kwa mashine ya hewa, kwa sababu inazungusha rodi na kuikwaruza. Shika rodi kwa ufunguo wake, kaza kwa mkono hadi kipimo cha kitabu. La mwisho, bushi za wishiboni: zikikazwa gari likiwa hewani, raba hubaki imepindwa likishushwa na huchanika mapema. Legeza, shusha gari likae kwa uzito wake, ndipo ukaze.

Tairi kulika ndani ni alaimenti, yaani pembe za tairi. Kushusha gari kumebadilisha kemba (tairi kulala ndani au nje) na too (tairi kuelekea ndani au nje kwa mbele), na too ndiyo inayokula tairi haraka zaidi. Subiri springi zilale kwa siku chache za kuendesha, kisha peleka ipimwe mbele na nyuma. Mpime na taa za mbele. Mwanga wake umehama pia.