Nafasi ya jamii ndogo haiuzwi

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni Muaweer, jamii ndogo ya wawindaji, wa Bargoni, hapa Lamu. Binti wa marehemu ndugu yangu alipata C+ katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne, lakini Kemia ana D+. Anataka udaktari. Kuna bwana mmoja Mokowe anadai Sh80,000 amtafutie "nafasi ya jamii ndogo", eti hiyo haiangalii alama za masomo. Nimpe?

Jibu: Marahaba, mzee wangu. Usimpe hata nauli ya mashua.

Nafasi za chuo kikuu hupitia KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, na mwanafunzi huomba mwenyewe. Udaktari unataka wastani wa C+, na C+ hiyohiyo katika Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Kwa D+ ya Kemia haingii, awe Muaweer, awe mtoto wa waziri. Akiushikilia udaktari, arudie KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi. La, aulizie masharti ya diploma ya uuguzi. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, ina kampasi Lamu na Malindi.

Lakini mimi linaloniudhi ni ile bidhaa anayoiuza bwana huyo: kwamba kumsaidia mtoto wa Waaweer au wa wawindaji wenzao Wasanye ni kumpunguzia mtihani. Uongo huu huanzia kwa wakala ukafika hadi darasani. Nimemsikia mwalimu akimwambia kijana mbele ya wenzake, "Wewe uliletwa na kabila lako." Kijana yule hakuinua mkono tena muhula mzima. Mkopo ulichelewa, akawa anakula mara moja kwa siku. Anatomia ikamwangusha. Basi watu wakapata la kusema: mnaona?

Katiba ya 2010, kifungu cha 56, inaitaka serikali izipe jamii zilizotengwa fursa maalumu za elimu, na kifungu cha 260 kinazihesabu humo jamii za asili zinazoishi kwa kuwinda na kukusanya. Ni haki, wala msiione haya kuidai. Ila ni haki ya kuingia na kushikwa mkono ukiwa ndani. Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, kina mpango uitwao MAPAS tangu 1972, wa Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, na watu wa visiwa vya Pasifiki. Wanatengewa nafasi, ndiyo, na wakishaingia hupewa masomo ya ziada na watu wa kuwaongoza. Mtihani wanaofanya ni ule wa wenzao wote.

Kwa hiyo kama Sh80,000 mnazo, mtafutieni mwalimu wa Kemia, na zitakazobaki ziwe za chakula na nauli ya likizo. Udaktari ni miaka sita, kisha mwaka wa mafunzo ya kazi hospitalini. Wanafunzi wangu wengi walioacha masomo waliachia kwenye mambo madogo kama hayo.

Na mjihadhari: wakala akikosa chuo kikuu, humpeleka mtoto kwenye "chuo" cha vyumba viwili juu ya duka, akasomee utabibu wa miezi sita. Madaktari, maafisa wa kliniki na wauguzi, kila fani ina baraza lake, na baraza lina orodha ya vyuo linavyovitambua. Iulizeni kabla ya kulipa. Niliwahi kuletewa cheti cha msichana mmoja nikisome: muhuri mzuri, picha amevaa koti jeupe. Chuo chenyewe hakimo kwenye orodha yoyote. Mamake alikuwa ameshauza shamba la ufuta.