Mahakama ya Juu: juu ya nani?

SWALI: Januari 31, 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda ilikataza raia kushtakiwa katika mahakama za kijeshi kama zilivyokuwa. Mwaka haujakwisha, sheria ikawarudisha. Sasa hiyo "juu" ni juu ya nani? – Msomaji, Jinja

JIBU: Juu ya mahakama nyingine. Bunge haliko chini yake kama karani. Shika Ibara ya 92 ya Katiba ya 1995: Bunge haliruhusiwi kutunga sheria ya kugeuza hukumu baina ya waliokuwa na kesi. Ushindi wa Michael Kabaziguruka, mbunge wa zamani ambaye kesi yake ndiyo iliyozaa hukumu hiyo ya Januari, dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, basi, hauguswi. Lakini kwa mashauri yajayo Bunge linaweza kuandika sheria nyingine, mradi iponye kasoro walizozitaja majaji, hasa ukosefu wa uhuru katika mahakama hizo. Sheria iliyopitishwa Mei 2025, Rais akaitia sahihi Juni, inadai wenyeviti wa mahakama hizo wawe wanasheria, na raia wafikishwe huko kwa sababu maalumu, mfano kukutwa na silaha za kijeshi. Je, imeziponya kasoro hizo? Kwa maoni yetu, shahada ya sheria haimtoi askari chini ya amri ya mkuu wake.

Ila maoni hayafuti sheria, na Mahakama ya Juu haijipelekei kesi. Lazima mtu afungue shauri katika Mahakama ya Katiba, mbele ya majaji watano wa Mahakama ya Rufani. Asiyeridhika ndiye hukata rufaa Mahakama ya Juu. Wengi hukosea hapa: hushika hukumu ya zamani wakidhani inaua sheria mpya yenyewe. Haiui. Sheria mpya hutumika mpaka ibatilishwe au isimamishwe.

SWALI: Naweza kwenda moja kwa moja Mahakama ya Juu kupinga kura ya urais? – Msomaji, Mbale

JIBU: Hapana, labda uwe mgombea. Ibara ya 104 inampa mgombea siku 15 za kufungua kesi tangu matokeo yatangazwe. Mahakama ina siku 45 za kuamua. Siku 15 kukusanya viapo vya mashahidi nchi nzima ni chache mno. Na kuonyesha makosa tu hakutoshi. Mwaka 2001 na 2006 majaji walikubali kwamba sheria ilivunjwa, lakini wengi wao (3 kwa 2, kisha 4 kwa 3) wakaona haikuthibitika kwamba makosa yaliathiri matokeo kwa kiasi kikubwa.