Jibu: "incapable" kwenye barua ya kuomba ruhusa

Ndugu, umeuliza kama barua ya kuomba ruhusa kazini inaweza kusema "I am incapable to attend the meeting". Hapana, usiipeleke hivyo. Kwanza sarufi: baada ya "incapable" huja "of", kisha kitenzi chenye "-ing" au nomino. Hiyo "to" ni ya "unable".

Lakini kubwa zaidi ni maana. "Unable" inasema leo umezuiliwa: homa, msiba, gari limeharibika njiani. "Incapable" inagusa uwezo wenyewe, kana kwamba kuhudhuria kikao ni jambo usiloliweza kabisa. Bosi akisoma hivyo, umejitia doa bure. Andika "I am unable to attend", inatosha.

Neno lenyewe lina mahali pake, na pazuri tu. "She is incapable of lying" ni sifa kubwa: uongo haumo katika tabia yake. Uingereza nako, "drunk and incapable" husemwa kwa mlevi aliyeshindwa hata kujiangalia. Ila usilichanganye na "incompetent". Hilo linamlaumu mtu kwamba hajui kazi yake, na ukimwandikia mwenzako wa ofisini ni tusi zito.