Mkuu, kachukue hela yako kabla fundi hajashika msumeno

Umeuliza habari ya tanga, lakini simama hapo hapo kwanza. Unaunda kimashua cha plaiwudi futi 15, tako bapa, cha kuzungukia mikoko ya Kilwa Masoko mpaka Songo Mnara, na umeshalipia nusu ya marini bodi 8? Kachukue hela yako. Leo.

Ile bodi nyeusi inayoteleza ni ya kumwagia zege. "Marini" ni jina la dukani, bahari hailijui. Mimi muuzaji aliniapia, mkono kifuani: "Hii hata uizike majini miaka kumi." Nadhani huyo bwana hata beseni hajawahi kuliona likielea. Nikabeba bodi 9 za milimita 12. Ile ngozi yake gundi ya epoksi haishiki, nikapiga msasa siku 6, majirani wakadhani nimefungua kiwanda. Kukata, nakuta mapengo katikati ya tabaka, kidole kinaingia. Nikayaziba na puti, nikajisemea si kitu. Hapo ndipo nilipojiroga mwenyewe.

Mwezi wa tatu, siku za bamvua, maji yamekupwa, chombo kimekaa mchangani vizuri tu kama nilivyokusudia. Nasogea tezi, nyuma ya chombo, nikaangalie nanga, kisigino kikapitiliza sakafu. Maji yalishapenya kwenye tundu za skrubu, tabaka zimeachana kama chapati. Nikasubiri maji yajae nimekumbatia mchele na godoro. Wavuvi wa ngalawa walionichukua wakauliza, "Kaka, hiki chombo au kabati?" Nikawajibu kabati, ila lina tanga. Ningesema nini?

Basi chemsha. Nunua bodi moja tu, kata kipande cha kiganja, kitokote masaa manne, kikauke, kitokote tena, halafu kichokoe kwa kisu. Tabaka ikiachia, usirudi duka lile. Ukiona muhuri wa BS 1088, kile kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya vyombo vya majini, chemsha vilevile, muhuri hata mtoto anachonga. Mama watoto atanuna kwa sufuria yake. Mnunulie nyingine, bado umepata faida. Na usiniletee habari ya "nitapaka rangi nzito". Nilipaka.

Ikifaulu, kingo zote na kila tundu la skrubu uzinyweshe epoksi kabla ya kuunga, maana maji huanzia huko.

Kuhusu tanga uliuliza nini vile? Chemsha kwanza, uweke picha ya sufuria hapa.