Watatu wa Cardiff, na drams hakuna

Mhariri, mmeuliza ni bendi gani iliyovunjika mapema ambayo tungependa ingeendelea. Najua wengi watataja Joy Division, bendi ya Uingereza. Mimi nawataja Young Marble Giants wa Cardiff, huko Wales: walianza 1978, wakatoa albamu moja tu, Colossal Youth, mwaka 1980 kupitia kampuni ya rekodi ya Rough Trade ya London, na kufikia 1981 habari yao ilikuwa imekwisha.

Stuart Moxham alipiga gitaa na kinanda, ndugu yake Philip besi, Alison Statton akaimba. Mpiga drams hawakuwa naye. Mdundo ulitoka kwenye mashine iliyoundwa na binamu wa kina Moxham. Panki, yaani rock ya haraka na ya ghasia, ilikuwa imewafundisha vijana wa Uingereza kupiga makelele, hawa wakaenda kinyume. Stuart alizibana nyuzi kwa kiganja hadi gitaa likawa linadonoa tu, besi ndiyo ikabeba wimbo, na Alison akaimba kama mtu anayejiimbia huku akiosha vyombo. Sikilizeni "Final Day". Ni wimbo wa vita vya nyuklia, haufiki dakika mbili, hakuna anayepaza sauti, na unatisha kuliko nyimbo zote za hasira za miaka ile.

Tatizo lilikuwamo tangu mwanzo. Stuart, mtunzi wa nyimbo nyingi, alitaka kuimba mwenyewe. Philip, aliyekuwa mpenzi wa Alison, akashikilia kwamba bila huyo dada na yeye hayumo. Kwa hiyo mtunzi alilazimika kumkabidhi nyimbo zake mtu ambaye hakumchagua, na (hapa najua nitabishiwa) sauti hiyohiyo ndiyo iliyozipa uhai. Bendi ilipovunjika, Stuart aliunda bendi ya The Gist, Alison akaingia bendi ya Weekend. Sifa zilikuja baadaye: Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, aliitaja albamu yao miongoni mwa alizozipenda zaidi, na mwaka 1994 bendi ya Hole ya Marekani ikaurudia wimbo wao mmoja.

Lakini kabla hamjasema "basi wangeendelea tu", sikilizeni rekodi yao fupi Testcard ya 1981: vipande sita vya ala tupu, mfano wa ule muziki wa televisheni wakati hakuna kipindi. Vinapendeza, ila Alison hayumo, na pengo linasikika. Kwa hiyo jibu langu lina sharti: ningetaka albamu ya pili, Alison akiwa kwenye maikrofoni, Stuart akubali yaishe, na mpiga drams asiitwe kabisa.