Baba Krismasi anakaa Kibo? Namna ya kumjibu mtoto anayeuliza

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina watoto wawili, Glory wa miaka 8 na Kelvin wa miaka 5. Tangu Kelvin amwone Baba Krismasi kwenye supamaketi hapa Moshi mjini, maswali hayaishi. Anakaa wapi, ni kule Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwenye theluji? Ataingiaje wakati nyumba yetu haina dohani? Kwa nini mwaka jana mwandiko kwenye zawadi ulikuwa wa baba? Glory ameshajua na mdomo unamwasha. Tarehe 23 tunapanda Marangu kwa bibi yao, na binamu zao wa Dar watakuwepo. Nimjibuje bila kumdanganya? — Mama Glory, Moshi

JIBU: Marahaba, Mama Glory. Kwanza msikilize Kelvin anauliza nini hasa. "Ataingiaje?" na "Yupo kweli?" ni maswali mawili tofauti kabisa. La kwanza ni la mtu aliye ndani ya hadithi na anataka iendelee, kama anavyouliza sungura alimponyoka vipi fisi. La pili, akiliuliza ametulia na anakutazama usoni, ni la kutaka ukweli, na hapo apewe ukweli. Wa miaka 3 au 4 hupokea wanachoambiwa. Wa miaka 5 huanza kuchunguza mambo yanavyofanyika, na wengi shaka huwaingia sawasawa wakiwa na miaka 7 au 8, kwa hiyo Glory yuko kwenye umri wake.

Maswali ya namna ya "ataingiaje" yarudishe kwake: "Wewe unaonaje?" Kisha nyamaza, hesabu moja hadi tano kimoyomoyo. Wazazi wengi hawawezi kuvumilia sekunde hizo tano, wanadakia. Akisema anapitia dirishani, mwambie, "Kwenye hadithi inawezekana." Shika maneno hayo mawili, "kwenye hadithi": mchezo unabaki mtamu, na siku akijua hatakukuta umeapa. Kinachoharibu ni kuongeza chumvi: nyayo za unga sakafuni, mjomba anayepiga simu kwa sauti nzito. Kila nyongeza itadai uongo mwingine wa kuilinda.

Kibo usikubali, hata kama ni jibu rahisi. Moshi nzima imejaa wapagazi. Atamuuliza mmoja, ataambiwa huko juu kuna barafu, mawe na wazungu wanaohema, na utaonekana muongo siku hiyo hiyo. Mwambie hadithi inamweka Ncha ya Kaskazini, ambako hakuna hata ardhi, ni barafu inayoelea juu ya bahari. Kisha mwonyeshe Kibo asubuhi kabla mawingu hayajafunika: mita 5,895, na barafu karibu kabisa na Ikweta. Hilo lenyewe ni ajabu la kutosha.

Dohani nayo ina jibu la kweli. Nchi za baridi watu huwasha moto ndani ya nyumba, na bomba la kutolea moshi hupita juu ya paa. Ndiyo maana hadithi yao ina dohani. Mkifika Marangu, kama bibi bado ana jiko la kuni, mpeleke Kelvin atazame moshi unatokea wapi.

Mwandiko ndio mtego wenu. Usiseme Baba Krismasi alimwomba baba amwandikie. Sema, "Umeangalia vizuri. Unadhani ni wa nani?" Akisema wa baba, jibu "Ndiyo, ni wa baba," na uishie hapo. Mtoto wa miaka 5 anaweza kulijua hilo na bado akamsubiri mgeni wake bila shida. Usimfuate na maelezo ambayo hajayaomba.

Akiuliza sasa, "Mama, yupo kweli?", sentensi tatu zinatosha: "Ni hadithi ambayo watu wazima huiigiza wakati wa Krismasi. Zawadi tunanunua mimi na baba. Yule wa supamaketi ni mtu amevaa nguo nyekundu na ndevu za bandia." Akitaka zaidi, mpe Nikolasi, askofu wa Myra katika karne ya 4, mji uliokuwa katika nchi ya leo ya Uturuki, kumbukumbu yake ni tarehe 6 Desemba. Simulizi husema aliwatupia dhahabu kwa siri mabinti watatu maskini wapate mahari. (Glory atashangaa, kwa sababu kule mahari ilitoka upande wa binti.) Waholanzi walimwita Sinterklaas, na huko Marekani jina likageuka Santa Claus, ndiye huyu Baba Krismasi.

Jambo moja liache kabisa: "Ukiwa mtukutu hakuletei kitu." Marangu binamu akifungua baiskeli na Kelvin akafungua penseli za rangi, hatawaza mshahara wa baba. Atajua kuwa yeye ndiye mtoto mbaya. Zawadi kubwa ziandikwe majina ya wazazi walionunua. Ya Baba Krismasi iwe ndogo, na ilingane kwa watoto wote.

Glory usimtishe anyamaze, mpe kazi. Afunge zawadi pamoja nawe, aandike majina. Akishakuwa upande wa waandaaji, siri inakuwa yake na hamu ya kuimwaga inapungua. Kelvin akimuuliza yeye, aseme, "Muulize mama."

Na kabla hamjapanda, mpigie wifi yako wa Dar. Muulize wanawe wameambiwa nini, mkubaliane hiyo zawadi ndogo itakuwa ipi na nani ataigawa. Kama kuna mjomba anayepanga kuvaa kinyago usiku, akivae mchana mbele ya watoto, waone uso wake kwanza.