Giaboksi ikishashuka, nibadilishe na nini? Maswali yenu ya klachi

*Shikamoo fundi. Nina Kirikuu nabebea ndizi kwenda soko la Kilombero, klachi pleti imeisha. Fundi anataka ninunue na presha na beringi, naona kama ananipiga. Ni lazima? (Ngaramtoni)*

Marahaba mdogo wangu. Hapo hajakupiga. Pleti, presha (ile sahani ya springi inayoibana pleti) na beringi ya klachi (inayosukuma presha ukikanyaga) vyote vinakaa kati ya injini na giaboksi, kukifikia kimoja lazima giaboksi ishuke, na ile kushusha na kupandisha ndo inakula hela yako. Beringi bei yake ndogo, ya zamani usiirudishe kabisa. Mi niliwahi kumrudishia mama mmoja wa Tengeru kwa sababu hela ilikuwa imembana na beringi nikiizungusha mkononi iko kimya, miezi miwili haikufika ikaanza kulia kila akikanyaga klachi, tukashusha tena, akalipa ufundi mara ya pili, mpaka leo inaniuma. Mkononi beringi haina mzigo ndo mana inadanganya. Presha iangalie pale kwenye vidole vya katikati vinavyosukumwa na beringi, kama beringi imevila au uso umekuwa wa bluu kwa moto weka mpya. Ila kebo ya klachi inabadilishwa kwa nje bila kushusha kitu, hiyo inaweza kusubiri mwezi ujao.

*Kaka, naendesha Land Cruiser ya watalii. Klachi mpya nimefunga mwezi wa 6, sasa nikipanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu injini inalia tu gari haivuti. Nimeuziwa feki?*

Inawezekana, lakini kabla hujagombana na muuza spea muulize fundi wako kama aliangalia oil seal ya nyuma ya krenki, yaani ule mpira unaozuia oil ya injini isitoke pale shafti ya injini inapotokea upande wa klachi. Ikivuja oil inaingia kwenye klachi, na pleti ikishalowa oil haishiki hata kama ina wiki moja, usikubali mtu akuoshee na petroli akurudishie. Hiyo seal huifikii mpaka klachi na flaiwili (lile gurudumu zito la injini ambalo pleti inabanwa juu yake) zitoke kwa hiyo wakati wake ni huo huo, na seal ya mbele ya giaboksi nayo muifanye hapo hapo. Kujua ipi inavuja tumia pua, oil ya gia ina harufu kali sana, ya injini ya dizeli ni nyeusi tii.

*Na flaiwili nayo ninunue?*

Mara nyingi hapana. Ikiwa na mabonde au mistari ichongwe kidogo kwenye mashine, maana pleti mpya juu ya uso mbovu gari itatetemeka ukiwa unaondoka. Ikiwa na ufa mkubwa, hapo nunua.

*Pikapu yangu, niko Moshi, pedali ya klachi inazama na gia zinagoma kuingia. Fundi anasema tushushe giaboksi.*

Ngoja kwanza dada. Pampu pedali mara 4 au 5 haraka haraka afu jaribu gia, zikiingia shida ni mafuta au masta silinda (ile ya juu kwenye pedali) au ile silinda ya chini inayosukuma klachi, angalia kama kopo la mafuta ya klachi limepungua na kama kuna unyevu nyuma ya pedali. Kwenye pikapu nyingi hizo silinda ziko nje, giaboksi haiguswi. Ila zipo gari silinda ya chini imekaa ndani pamoja na beringi, kama yako iko hivyo hapo fundi yuko sahihi, na mkishashusha wekeni mpya hata kama bado haijaanza kuvuja.